Ifrah Haolewi, Ifrah Ni Golikipa

Mtaa wa Waberi,
Garissa.
16 Agosti

Mpendwa abaayo, dada yangu Samsam,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba karatasi hii ikukute umeketi barazani na miguu umeinyoosha, maana nasikia goti lako bado linalalamika kila ukipanda ngazi. Je, ile dawa ya kuchua imesaidia au imekuachia harufu tu? Na mzee wako, kifua kimetulia? Na watoto, wanasoma? Nijibu moja moja, usinijumlishie kwa "wote wazima" kama kawaida yako.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Jua la Garissa unalijua, halichukui likizo. Mvua zilipita Eldas mapema mwaka huu, si nyingi, lakini mama mkwe wangu anasema ngamia wamepata majani na maziwa yapo. Ameniletea kibuyu cha maziwa ya kuvundika kwa gari la mizigo, yakafika yamechacha sawasawa, tukanywa mpaka tukasinzia.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea, kwa sababu Kisomali chako tangu ami akupeleke Tanga ukiwa mdogo kimebaki cha kusalimia na kugombeza tu, na hao watoto wako hata cha kugombeza hawana. Na mimi, tangu nimalize shule ya bweni kule Mombasa, sina mtu mwingine wa kumwandikia Kiswahili kilichonyooka. Barua hii anakuletea Dubow wa lori, yule binamu yetu asiyeuliza mtu maswali. Mpe chai, aupumzishe na huo mgongo wake.

Sasa nianze na lile lililokufanya unitumie ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, mwingine unalia, mwingine unanitukana. Hakuna harusi. Nasema tena ili na watoto wasikie: hakuna harusi. Ifrah haolewi. Lile dirac la zambarau ulilokwisha kumpelekea fundi, livae Idi. Najua ni nani aliyekuambia. Ni Rukiyo, wifi yangu, aliyeandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla hata hajajua anachokiandika, na hadi leo ujumbe huo hajaufuta.

Kwenye simu nilikujibu kwa kifupi kwa sababu kila nikizungumza nawe dukani kuna mtu anachagua kitambaa na sikio amelielekeza kwangu. Jambo hili lina urefu wake. Jiegemeze.

Mwanangu Ifrah unamkumbuka alipokuja kwako akiwa mdogo, mtoto wa kudaka kila kilichorushwa: malimau, viatu, hata yule kuku wa jirani yako. Sasa ana miaka kumi na sita, yuko Kidato cha Pili, amenipita urefu, na ni golikipa wa timu ya wasichana ya mtaa wetu. Usicheke. Anavaa hijabu ya michezo, mikono mirefu na suruali ndefu, na akiruka upande wa kushoto watu wanasimama. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikwenda uwanjani ili nimrudishe nyumbani, nikajikuta napiga kelele kuliko wenye timu.

Tatizo halikuwa mpira. Tatizo lilikuwa barabara. Timu wanazocheza nazo ziko Thika, Machakos, Nairobi. Wenzao wakienda ugenini wanakwenda asubuhi na kurudi jioni. Sisi wa huku tuko mwisho wa njia, kila mechi ni safari. Timu inaondoka Ijumaa asubuhi, inacheza Jumamosi, inarudi Jumapili jioni na vumbi hadi kwenye kope. Ijumaa hayuko darasani. Jumatatu yuko, lakini amelala juu ya dawati. Na usisahau duksi, madrasa ya jioni, ambako maalimu naye anataka sura zake na hataki kusikia habari za Machakos.

Nikimwona langoni, najua mtoto huyu amepata mahali pake. Nikiona alama zake za kemia, natamani kukaa chini nilie. Kemia yao iko Ijumaa, abaayo. Vipindi viwili, vyote Ijumaa. Mwalimu wake aliniambia kwamba akikutana na Ifrah njiani hawezi kuapa kuwa ni mwanafunzi wake.

Basi muhula uliopita kocha wao, Mursal, kijana mwenye adabu anayefundisha hesabu shule ya msingi, akaja dukani ametabasamu mpaka magego. Timu imefuzu mashindano ya vijana Nairobi. Kambi na mechi, jumla majuma mawili. Nikampongeza, nikampa soda. Kisha akaniambia tarehe, na soda ile nikatamani kumnyang'anya. Ilikuwa ni majuma yaleyale ya mtihani wa mwisho wa muhula shuleni kwa Ifrah.

Mwalimu Mkuu wa shule hiyo ni mpya, mama kutoka Kitui, amehamishiwa kwetu Januari. Alikwisha kuniita mara moja kuhusu hizo Ijumaa, na alisema waziwazi: Ifrah akikosa mtihani huu, atarudia Kidato cha Pili. Na upande wa pili, golikipa wa akiba alikuwa amevunjika kidole. Ifrah asipokwenda, timu inasimamisha mtu yeyote langoni. Mtoto akawa hali chakula vizuri. Aliniuliza, "Hooyo, nikibaki nitachukiwa na timu, nikienda nitawekwa darasa moja na Ruweyda. Nifanye nini?" Ruweyda ni mdogo wake, na unajua wanavyopendana kwa kucha.

Nilipanga kwenda kwa Mwalimu Mkuu mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, nimwombe. Kosa langu nikamwambia Abdinasir. Shemeji yako alikuwa anapiga mswaki wa mti, akautoa mdomoni, akasema, "Niachie mimi." Basi. Si neno zaidi. Unajua mtu aliyezeeka katika udalali wa mifugo: kwake hakuna jambo duniani lisilomalizika kwa wazee, kivuli na mbuzi. Nilimwachia, nikafikiri labda atampigia simu mtu wa ofisi ya elimu.

Sasa, wiki hiyohiyo tulikuwa na mgeni. Abdilatif, binamu ya Abdinasir, alikuwa ametoka Eldas, amelala kwetu, na kila jioni juu ya mkeka habari zake ni moja: mwanawe wa kiume amerudi, mwanawe ana ngamia wake mwenyewe, mwanawe sasa anahitaji utulivu. Na mara moja Ifrah alipopita na birika akasema, "Mashallah, huyu amekua." Abdinasir akacheka tu. Mimi sikucheka.

Alhamisi asubuhi Abdinasir akatoka amevaa shati jeupe na shali ya begani, ile ya siku za heshima. Abdilatif naye akatoka nyuma yake. Sikuulizwa, sikuagwa. Mimi nikaenda dukani.

Nilikuwa nampimia mteja kitambaa Rukiyo aliponipigia. Alikuwa amewaona barabarani, tuk-tuk mbili, wazee wamejaa, Mzee Shuaib ndani na fimbo yake, na mbuzi mnono amepakatwa kama mtoto mchanga. Wameingia shule ya kina Ifrah. Na punde amesikia kwamba afisa wa watoto ameitwa. Akapiga kigelegele palepale kwenye simu, akaniambia, "Hongera, wifi! Mbona umetuficha?"

Mkasi ukanidondoka. Abaayo, wazee, mbuzi, Abdilatif wa Eldas, na mwanangu wa Kidato cha Pili. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Acha kwanza nikueleze kilichotokea kule ofisini, kama nilivyokuja kusimuliwa na pande zote, maana kila nikikumbuka nacheka peke yangu hata jikoni. Shemeji yako hakuwa na nia yoyote mbaya. Alifikiri hivi: Mwalimu Mkuu ni mtu mkubwa, jambo la kumwomba ni zito, basi aendewe kwa heshima inayostahili watu wakubwa. Akawakusanya wazee. Abdilatif akafuata kwa kuwa ni mgeni na hakuwa na la kufanya. Na msemaji akawa Mzee Shuaib, ambaye amepatanisha koo mbili zilizokuwa zimeshikiana silaha, sembuse mwalimu mmoja.

Na wewe, hata kama umekulia Tanga, unajua desturi. Kwetu mtu hatamki haja yake kabla salamu hazijaisha. Ukiitaja mapema umemdharau mwenyeji, kana kwamba umekuja dukani. Na salamu za Mzee Shuaib ni safari. Alianza, "Mwalimu, sisi wazee nakuja kwako na heri. Kitui mvua nanyesha?" Mwalimu Mkuu akajibu kwamba imenyesha kidogo. Akauliza ng'ombe wa Kitui. Akauliza baba yake mwalimu, yuko hai, yuko na afya, ana mifugo gani. Akamshukuru kwa kulea mabinti wa watu. Akasimulia habari ya babu yake Ifrah, alivyokuwa mkarimu, na ukoo, na visima. Kisha akainua mikono akamwombea Ifrah: Mungu ampe mwisho mwema, ampe kizazi chema. Wazee wote, "Amin." Mbuzi naye akalia mlangoni.

Kisha, akiwa bado hajafika kwenye mpira, hata karibu, akasema kwamba wanamwomba mtoto kwa majuma mawili tu.

Mwalimu Mkuu akasimama. Akasema, "Wazee, nipeni dakika moja," akatoka, na hakurudi. Alikwenda moja kwa moja darasani akamtoa Ifrah, akamfungia bwenini pamoja na matroni, kisha akampigia simu afisa wa watoto. Wazee nao wakabaki ofisini wametulia tuli, wanamsifu. Mzee Shuaib alikuwa akiwaambia wenzake, "Mwanamke mwenye adabu huyu. Amekwenda kupika."

Ifrah kule bwenini akaulizwa kwa upole na matroni kama anamjua mwanamume anayemwoa. Anasema alicheka kwanza. "Naolewa? Na nani? Si mngeniambia mapema nijue kama anajua ofsaidi!" Halafu alipoona matroni hacheki, kicheko kikamkauka. Akachungulia dirishani akamwona Abdilatif amesimama uani anamlisha mbuzi. Hapo, anasema, alilifunga dirisha, kwa kuwa habari za mkekani na yeye alikuwa akizisikia.

Mimi nikafika shule baada ya adhuhuri. Sikuwatazama wazee, nilipita kama upepo hadi kwa Mwalimu Mkuu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa bweni na ufunguo ameukumbatia kifuani.

"Mama Ifrah, keti kwanza," akasema.

"Sikai. Nipe mwanangu."

"Mtoto simtoi. Hata mje na wazee wa kaunti nzima."

"Ni mwanangu! Nipe nimwondoe hapa kabla baba yake hajamchukua!"

"Hata wewe sikupi. Mko pamoja."

Tukapandishiana sauti pale, abaayo, mpaka wasichana wakajaa madirishani. Mimi namvuta mkono, yeye anaukaza ufunguo. Halafu nikasema, nalia, "Mwalimu, mimi sitaki aolewe! Nataka asome!" Naye akaniangalia. Akasema polepole, "Basi tunagombania nini?"

Tukasimama tunatazamana, maadui wawili wa upande mmoja.

Aliyetutoa pale ni afisa wa watoto, Ramlo, binti wa hapa hapa mjini. Alipofika aliwakuta wazee bado wanangoja chakula. Yeye hakufanya haraka. Akavuta kiti, akakaa, akawaacha wamsalimie kuanzia mwanzo. Mvua, mifugo, babu, visima, dua, yote akaitikia. Na kwa kuwa alikaa mpaka mwisho, akawa mtu wa kwanza siku ile kusikia haja yenyewe. Akaja kwetu amefunika mdomo kwa mtandio, mabega yanamcheza. Akasema, "Ni mpira. Wanaomba ruhusa ya mpira."

"Mpira gani?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Wa miguu, Mwalimu. Nairobi."

Sijui nani alianza kucheka. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya bweni na buibui langu likaenea vumbini, sikujali. Roho yangu ilikuwa imetoka ikarudi. Mwalimu Mkuu naye akakaa karibu yangu, akacheka hadi machozi, kisha nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimekwisha.

Akaniambia habari yake. Shule aliyokuwa akifundisha zamani, mbali na hapa, walikuja wazee kama hawa kumwombea msichana ruhusa ya majuma mawili. Alikuwa mwalimu mgeni, hakujua, akaona ni watu wazima wenye heshima, akakubali. Msichana hakurudi tena. Alikuwa wa pili darasani. Akasema, "Mama Ifrah, tangu siku ile nikiona shali ya begani na mbuzi, mimi natafuta ufunguo."

Nilimpenda mwanamke yule papo hapo, Samsam, na nakuambia bila aibu. Mtu hajui lugha yetu, hana ukoo hapa, hana wa kumtetea, na alisimama kwenye mlango mbele ya mwanangu. Alikuwa amekosea, na nilimpenda kwa kukosea kule.

Lakini usifikiri alilegea. Alijifuta macho, akainuka, akajikung'uta sketi, na sauti ikarudi ile ya ofisini. "Sasa huo mpira wenyewe nao tutauzungumza." Akamwita Abdinasir, akamwita Mursal kwa simu, akamtoa Ifrah bwenini. Wazee wakaletewa chai na mandazi, na Mzee Shuaib akaridhika kwamba ziara imefika mahali pake.

Tulikaa hadi karibu na alasiri. Mwalimu Mkuu alimwambia Mursal kwamba kuanzia muhula ujao basi la timu litaondoka Ijumaa baada ya darasa la mwisho, si asubuhi. Mursal akasema watafika Nairobi usiku wamechoka. Akamjibu, "Basi wachoke. Kemia haiwezi kuhama, basi linaweza." Ifrah akaambiwa Jumatatu akilala darasani, Ijumaa inayofuata habanduki. Na mtihani? Hapo akafungua kitabu chake cha ratiba. Kisha akasema yeye mwenyewe ana mkutano wa walimu wakuu Nairobi juma la kwanza la mashindano. Atakuja na karatasi, atamsimamia mwenyewe asubuhi kabla ya mechi. Zitakazobaki atazifanya akirudi, siku za mwanzo za likizo, wenzake wakiwa nyumbani wanalala. Ifrah akataka kulalamikia likizo, nikamkanyaga mguu.

Abdinasir muda wote alikuwa akikunja na kukunjua shali yake. Mtu aliyekwenda kutafuta heshima akajikuta anahojiwa na serikali, utamwambia nini? Siku ile hakula. Uchungu wake haukuwa wa kuitiwa afisa, ulikuwa wa kudhaniwa. "Mimi? Nimwoze mwanangu kwa kujificha?" Huyu ndiye mtu anayetembea sokoni na simu yenye video za Ifrah akidaka, anawaonyesha wanunuzi wa ng'ombe kabla hajataja bei. Na Abdilatif aliposikia kwamba yeye ndiye aliyedhaniwa baba mkwe, alishika kichwa. Mwanawe kumbe ana mchumba Wajir tangu mwaka jana, na ule utulivu aliokuwa akiuzungumzia ni nyumba. Anatafuta mabati.

Mbuzi naye ana habari yake. Mwalimu Mkuu akasema shule haipokei. Abdinasir akasema kitu kilichotolewa hakirudi nyumbani. Walipobishana, mbuzi akamaliza sukuma wiki ya bustani ya shule. Mwishowe akapewa darasa la kilimo, wasichana wamemwita Ruhusa, na sasa amenenepa kuliko alivyokuja.

Nairobi walikwenda. Ifrah alifanya kemia kwenye ukumbi wa kulia wa hosteli, glovu zake ziko juu ya meza ya pili kwa sababu Mwalimu Mkuu hakuzitaka karibu na karatasi. Alasiri akacheza, na Mwalimu Mkuu, aliyesema anapitia dakika chache tu, alibaki mpaka mwisho akipiga kelele kwa Kikamba. Nusu fainali wakatolewa kwa penalti. Ifrah alidaka mbili, wenzake wakakosa zaidi. Alilia njia nzima kwenye basi na hadi mlangoni kwangu, nami nikamwacha, kulia kwa mpira ni kulia kwa raha. Wamerudi wa tatu, na kikombe kidogo ambacho kinapokezanwa nyumba hadi nyumba. Wiki hii kiko kwetu, Ruweyda anakinywea maji.

Na matokeo yametoka juzi. Kemia inachechemea bado, lakini imesimama kwa miguu yake. Hesabu imepanda, Mursal alikuwa anawafundisha ndani ya basi, wataka wasitake. Harudii darasa. Mwakani ni Kidato cha Tatu, inshallah. Nilipoambiwa niliinama nikasujudu pale pale dukani, mteja akadhani nimeanguka.

Msalimie mzee wako kwa heshima zangu zote. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na yule anayesoma barua kwa sauti mwambie ameongea vya kutosha, karatasi ya mwisho isome wewe peke yako. Mama mkwe anakusalimu kutoka Eldas. Abdinasir anakusalimu, na anasema ukiwa na binti wa kuombewa ruhusa usimwite yeye. Rukiyo hakusalimu, anakuogopa.

Hili lililobaki sijamwambia mtu, abaayo.

Abdinasir, siku ile alipokataa kula, aliniuliza kama na mimi niliamini. Nikamwambia hapana, nilijua tu kuna kosa mahali. Nilimwambia hivyo kwa kuwa alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa. Lakini niliamini. Rukiyo aliponipigia sikwenda shule kwanza. Nilifunga duka nikakimbia nyumbani, nikachukua begi la safari la Ifrah, nikamwaga jezi kitandani, nikatia nguo zake, sare ya shule, cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kemia. Nikampigia Dubow nikamuuliza lori la Tanga linaondoka lini. Akasema kesho alfajiri. Hakuuliza kwa nini.

Yaani nilipokuwa namvuta mkono Mwalimu Mkuu, begi lilikuwa langoni kwa askari wa shule, limefungwa. Nilikuwa namleta kwako.

Sikukupigia. Sikukuuliza kama una chumba, kama kuna shule ya karibu, kama mzee wako ataridhia. Ningemwacha mume wangu na kelele za ukoo mzima mlangoni, na katika hofu yote ile kitu kimoja hakikunipitia akilini hata kidogo, kwamba wewe ungekataa. Nimelifikiria sana baadaye, nikifungua zipu na kurudisha zile nguo kabatini. Nguo zilirudi, namshukuru Mungu zilirudi. Lakini ndiyo sababu nimekuandikia badala ya kupiga simu. Hodi sikupiga, Samsam, na bado nataka kukushukuru kwa kunifungulia.

Mungu akuponye goti, akuwekee wanao, na asiifanye nyumba yako ipungukiwe na baraka hata siku moja.

Mimi nduguyo, nikupendaye kwa moyo wote,
Amino